P.J. O'Rourke: uanze na kipi kati ya vitabu hivi vinne?

Msomaji wa siasa anayejimudu kwa Kiingereza hakosi kukutana na jina la P.J. O'Rourke, mwandishi wa habari wa Marekani aliyeandika vita, uchumi na mambo ya serikali kwa tashtiti. Shida huanza anapotaka kumsoma. Marehemu ameacha vitabu zaidi ya 20, na havilingani hata kidogo. Vingine viliandikwa barabarani, mbele ya vizuizi vya wanamgambo, na vingine viliandikwa sebuleni. Wengi huchukua kile cha kwanza wanachokikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba, wakasoma kurasa 30, wakagongana na majina ya maseneta wa 1989 wasiowajua, wakakifunga na kuamua kwamba mwandishi huyu hawahusu. Anawahusu sana, ila wameingilia mlango usio wao.

Vinne vinavyolinganishwa hapa ni *Holidays in Hell* (1988), *Parliament of Whores* (1991), *All the Trouble in the World* (1994) na *Eat the Rich* (1998). Vyote ni vya miaka kumi ambayo kalamu yake ilikuwa kali kuliko wakati mwingine wowote. Viwili kati yake vinafika mpaka kwetu: kimoja kinaingia Mogadishu wakati wa njaa, kingine kina sura nzima juu ya Tanzania.

Mtu mwenyewe

Alizaliwa Toledo, Ohio, tarehe 14 Novemba 1947, katika ukoo uliouza magari ya Buick. Alisoma Chuo Kikuu cha Miami, ambacho licha ya jina lake kiko Ohio, kisha akachukua shahada ya uzamili ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1970. Ujanani alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, akiandikia gazeti dogo la vijana wenzake mjini Baltimore. Mwaka 1973 alijiunga na jarida la vichekesho la National Lampoon, New York, na mwaka 1978 akawa mhariri wake mkuu. Baadaye akahamia jarida la Rolling Stone, akashika dawati la mambo ya nje kwa miaka mingi hadi 2001, kisha akaandikia Atlantic na kusikika redioni. Siku hizo alikwisha kuvuka kwenda kulia: soko huria, serikali ndogo, kodi ndogo. Hata hivyo mwaka 2016 alitangaza redioni kwamba anamuunga mkono Hillary Clinton dhidi ya Donald Trump, huku akisisitiza kuwa mama yule amekosea katika kila jambo. Alifariki New Hampshire tarehe 15 Februari 2022 akiwa na miaka 74, kwa saratani ya mapafu.

Katika maisha hayo kuna mambo mawili yanayomsaidia msomaji kuchagua. La kwanza ni kazi ya National Lampoon. Mwaka 1974 yeye na Doug Kenney walihariri kitabu kinachoiga kumbukumbu ya mwaka ya shule ya sekondari, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na picha na matangazo ya maduka. Huko ndiko alikojifunza kuvaa sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo yule "mimi" wa vitabu vyake, mlevi kidogo, mwoga, asiye na adabu mezani, ni mhusika. Anayemsoma kana kwamba anatoa ushahidi mahakamani atakasirika bila sababu. La pili ni kwamba aliandika kama mtu aliyehama upande. Anawajua anaowapinga, maana alikaa nao chumba kimoja, na ndiyo sababu mishale yake kwa wanaharakati huchoma kuliko ile inayowalenga matajiri.

Vigezo

Vitabu vyote vinne vinapimwa kwa mambo matano. *Miguu*: je, alifika mahali anapopaandika, akatembea, akala chakula cha huko? Kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu mzaha wa O'Rourke hupata nguvu pale alipohesabu kitu kwa macho yake. *Umri*: mzaha wa siasa huoza upesi kuliko habari yenyewe, basi kipi bado kinasomeka? *Lugha*: Kiingereza chake ni kigumu kiasi gani, na ugumu unatoka wapi? *Kinapokosea*: kila kitabu kina mahali kinapoteleza. Mwisho, *kinamfaa nani*.

Bei sikuiweka, kwa kuwa vyote vinne vilitoka tena kwa jalada laini na tofauti yake hutegemea bahati ya mnunuzi. Kuhusu unene, vitatu viko chini ya kurasa 300 na *All the Trouble in the World* kinazidi hapo.

Holidays in Hell (1988)

*Miguu.* Hiki ni kitabu cha miguu kuliko vyote. Ni mkusanyo wa makala za miaka ya 1980: Lebanon ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Korea Kusini wakati wa uchaguzi wa rais wa Desemba 1987, Ufilipino mwaka mmoja baada ya Rais Marcos kukimbia, El Salvador wakati wa Krismasi, Warsaw chini ya wakomunisti, Managua, Nchi Takatifu, na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Katikati amechomeka safari za nyumbani kwao, kama sherehe za miaka 350 ya Chuo Kikuu cha Harvard, akizitazama kwa jicho lile lile la mgeni aliyepotea. Mpangilio huo ni wa makusudi: hataki msomaji wa Marekani aamini kwamba mambo ya ajabu hutokea ng'ambo tu.

*Umri.* Nusu ya tawala anazoziandika zimekwisha. Kilichobaki hai ni tabia za watu mbele ya mwenye bunduki. Sura ya Lebanon imejengwa kama mwongozo wa msafiri: barabara, hoteli, chakula, na namna ya kupita kwenye kizuizi kinachoshikwa na vijana wenye silaha ambao huenda hawajui kusoma karatasi unayowapa. Sentensi zimetulia kabisa, kama za kijitabu cha utalii, na utulivu huo ndio unaotisha. Kuna pia kipande kifupi juu ya kuendesha gari katika nchi maskini. Kanuni yake ya honi ni kwamba uipige kukiwa na kitu mbele yako, na uipige pia kusipokuwa na kitu. Dereva yeyote wa Kariakoo au River Road ataitambua.

*Lugha.* Rahisi kuliko vingine, kwa sababu anaeleza vitu vinavyoonekana: magari, vyakula, sare za askari. Sura fupi zinajitegemea, waweza kusoma moja jioni moja.

*Kinapokosea.* Sura ya Korea Kusini ina ripoti nzuri ya uchaguzi, ukiwemo umati wa mitaani na polisi wake. Lakini humo humo anawacheka Wakorea kwa sura na maumbile yao, na mahali hapo mzaha unamwacha mtawala na kumwangukia mpita njia. Wengi wamelilalamikia, na wana haki. Msomaji wa Afrika, ambaye watu wake wamechekwa hivyo katika vitabu chungu nzima, ataliona mara moja. Sitamwambia mtu avumilie. Namwambia tu kwamba kasoro imejikusanya zaidi katika sura hiyo kuliko nyingine, na kuiruka hakuharibu kitabu.

*Kinamfaa nani.* Mwandishi wa habari kijana, mtu anayependa makala za safari, na yeyote ambaye hajawahi kumsoma O'Rourke na ana subira ndogo. Aliyekua akisoma safu ya Whispers ya Wahome Mutahi katika magazeti ya Jumapili ya Kenya atalitambua umbo lake: mwandishi anajifanya mpumbavu wa kwanza ndipo apate ruhusa ya kuwacheka wengine. Tofauti yao ni nzito, na ni vizuri uikumbuke unaposoma. Mutahi aliandika ndani ya nchi ambayo serikali yake ilimkamata mwaka 1986 na kumfunga. O'Rourke alipita kwenye hatari kisha akapanda ndege kurudi kwao.

Parliament of Whores (1991)

Jina ni tusi, maana yake "Bunge la makahaba", na si kitabu cha kukiacha mezani mbele ya wakwe. Ila tusi hilo lina hoja, nayo inafunguka mwishoni kabisa.

*Miguu.* Ndiyo, ila ni za Washington. Aliufuata uchaguzi wa 1988 na kuapishwa kwa George Bush mkubwa, akafuatana na mbunge, akaingia Mahakama ya Juu, akapanda meli ya kivita, akafika mpaka Pakistan kutazama sera ya nje ya Marekani inavyofanya kazi. Kila sura inachukua idara moja au tatizo moja: dawa za kulevya, umaskini, kilimo, ulinzi, mazingira, pensheni.

Kuna kipande kimoja hapa ambacho peke yake kinatosha kukilipia kitabu. Anachukua bajeti ya shirikisho ya mwaka wa fedha 1991, dola trilioni 1.23, na kuanza kuikata mwenyewe. Kipimo chake ni hiki. Kodi si mchango wa hiari: usipolipa utatozwa faini, usipolipa faini utakamatwa, ukikataa kukamatwa utaelekezewa bunduki. Kwa hiyo kila fedha ya serikali imepatikana kwa bunduki iliyo mbali kidogo. Basi kabla ya kupitisha matumizi yoyote, jiulize: je, ningemwelekezea bunduki mama yangu mzazi, mwenye mvi zake, ili barabara hii iwekwe lami? Halafu anapita fungu kwa fungu, akikata. Si lazima ukubaliane naye. Mimi naona kipimo hicho kinamsahau mama yule yule anapofika hospitali ya serikali akiwa hana kitu. Lakini jaribu kukitumia mwezi wa Juni, hotuba za bajeti zinaposomwa Dodoma, Nairobi na Kampala: chukua fungu moja la safari au la magari, lipitishe kwenye swali hilo, uone linavyosimama. Hapo utaelewa tashtiti inavyotengenezwa. Mwandishi hakutunga uongo wowote. Amechukua jambo la kweli akalifuata hatua kwa hatua mpaka lifike mahali pa aibu.

Pia si kweli kwamba anamdharau kila mtumishi wa umma, ingawa sifa hiyo imemganda. Anaeleza kisa cha magari ya Audi yaliyodaiwa kuruka yenyewe bila dereva kukanyaga mafuta, akaonyesha jinsi wataalamu wa usalama barabarani wa serikali walivyochunguza kwa subira. Uchunguzi huo, uliomalizika 1989, ulikuta kwamba kwa kawaida dereva alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Waliokosea ni umma na televisheni; karani wa serikali ndiye aliyekuwa sahihi.

*Umri.* Majina yamezeeka vibaya, hasa wagombea wa 1988 na kashfa ya benki za akiba na mikopo ya nyumba. Muundo haujazeeka. Sura ya mwisho inatoka Washington na kwenda kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji cha New Hampshire anachokiita Blatherboro, jina la kubuni, ambako wananchi wenyewe wanagombania uwanja wa gofu, nyumba mpya na bomba la maji taka. Hapo ndipo jina la kitabu linapoeleweka: makahaba anaowasema si wabunge, ni wapiga kura, kila mmoja akitaka serikali imchukulie mwenzake ampe yeye.

*Lugha.* Ngumu kuliko zote. Ugumu hautoki kwenye msamiati, unatoka kwenye majina, vifupisho vya idara na vipindi vya televisheni ambavyo Mmarekani wa wakati ule alivijua bila kuelezwa. Matusi ni mengi.

*Kinapokosea.* Sura ya umaskini. Anafika kwenye nyumba za maskini wa mjini na anaona mengi, lakini anaondoka na jibu alilokuja nalo.

*Kinamfaa nani.* Mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mwandishi wa bunge, mtumishi wa halmashauri. Mswahili anayeishi Marekani na anayepiga kura huko atafaidika kuliko sisi wengine, maana taasisi anazozisoma humo ndizo zinazomtumia barua.

All the Trouble in the World (1994)

*Miguu.* Amekwenda kila mahali: Bangladesh kwa suala la wingi wa watu, Somalia kwa njaa, msitu wa Amazon kwa mazingira, Yugoslavia ya zamani kwa chuki za kikabila, Haiti kwa maradhi, Vietnam kwa umaskini na namna ya kuutoka. Kila sura inafuata njia moja: wasiwasi unaovuma, nchi inayotolewa mfano, kisha alichokikuta.

Sura ya Bangladesh inafaa kufundishia. Anachukua mji wa Fremont, California, na kuonyesha kwamba msongamano wake wa watu kwa kilomita ya mraba unakaribiana na wa Bangladesh. Hakuna anayekwenda Fremont kuhubiri kwamba watu wamezidi ardhi. Basi tatizo, anasema, halimo katika idadi ya watu. Hoja ina tundu, kwa sababu mji hula chakula kilicholimwa kwingine na nchi ya wakulima haiwezi kuishi hivyo, lakini huwezi kuisoma kisha ukabaki ulivyokuwa.

Sura ya Somalia inaitwa "All Guns, No Butter". Walimu wa uchumi hueleza uchaguzi wa serikali kwa mfano wa bunduki na siagi: fedha ukizipeleka jeshini, chakula kinapungua. Mogadishu ya mwisho wa 1992 ilikuwa na bunduki tu. Wanajeshi wa Marekani walitua Desemba mwaka huo, na O'Rourke alikuwepo na waandishi wenzake, wamejifungia ndani ya uzio unaolindwa na vijana wa kukodi. Anachokiona ni kwamba chakula kilikuwepo, ila mwenye bunduki ndiye aliyeamua nani ale. Ukumbuke kwamba miraa ya Kenya iliendelea kufika Mogadishu kwa ndege, mbichi, wakati magunia ya nafaka yamekwama bandarini. Bidhaa yenye mnunuzi mwenye silaha hupata njia.

*Umri.* Kimestahimili vizuri, kwa kuwa njaa ya vita na wasiwasi wa mazingira havijakwisha. Sura za mazingira ndizo zilizochakaa. Aliandika kabla ya ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi kukusanyika kama ulivyo leo, na wepesi wake juu ya jambo hilo sasa unasomeka kama kosa.

*Lugha.* Ya wastani, ila sura ni ndefu na zimejaa takwimu za miaka ya mwanzo ya 1990. Usizinukuu popote kama za leo.

*Kinapokosea.* Mbali na tabianchi, kitabu kinarudia jibu moja mara nyingi mno: uhuru na mali ya mtu binafsi vitatibu. Ukifika sura ya tano unalijua kabla hajalisema.

*Kinamfaa nani.* Wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wanafunzi wa maendeleo, waandishi wanaoripoti majanga. Anayejua Pembe ya Afrika aanze na sura ya Somalia moja kwa moja.

Eat the Rich (1998)

*Miguu.* Swali lake ni moja: kwa nini mahali pengine watu wanafanikiwa na pengine hawafanikiwi? Anakwenda kutazama kwa jozi. Wall Street ni ubepari mzuri na Albania ni ubepari mbaya. Sweden ni ujamaa mzuri na Cuba ni ujamaa mbaya. Kuna Urusi, kuna Shanghai, na kuna jozi inayotugusa, Tanzania na Hong Kong, zenye vichwa vya habari vinavyotazamana kama kioo: moja imepata patupu kutoka kwenye kila kitu, nyingine imepata kila kitu kutoka patupu.

Albania ni sura bora ya kitabu. Mwaka 1997 upatu uliowameza Waalbania wengi ulianguka, serikali ikayumba, maghala ya silaha yakaporwa. Anaeleza upatu unavyofanya kazi kwa lugha ambayo mtu aliyepoteza akiba yake kwenye mchezo kama huo hapa kwetu angeitaka mapema: faida ya wa kwanza ni mtaji wa wa mwisho, na hakuna kitu kingine ndani ya sanduku.

Sasa Tanzania. Anaipenda nchi, anawasifu watu wake, anastaajabia wanyama na ardhi, kisha anauliza kwa uchungu kwa nini wenye haya yote ni maskini. Jibu lake ni ujamaa, na misaada ya nje iliyougharimia. Mwalimu Nyerere alikuwa bado hai kitabu kilipotoka. Msomaji wa Tanzania atasoma sura hii huku amekunja uso, na ni vizuri aisome, lakini aweke karibu tarehe hizi: Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Kupanda kwa bei ya mafuta duniani, 1973 na tena 1979. Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, 1977. Vita vya Kagera, kuanzia Oktoba 1978. Mwalimu kung'atuka, 1985. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, 1986. Ukizipanga hivyo utaona mahali hoja yake ina nguvu, maana kuhamisha wakulima kwa lazima kuliumiza mashamba na waliohamishwa wanakumbuka. Utaona pia pale ambapo sababu moja haitoshi.

Tena ulinganisho na Hong Kong hauendi sawa. Hong Kong ni bandari ya kilomita za mraba 1,100 hivi kwenye mlango wa China. Tanzania ina zaidi ya 940,000, wakulima wametawanyika, na reli ni chache. Anachokisema juu ya Sir John Cowperthwaite, aliyesimamia fedha za Hong Kong kuanzia 1961 hadi 1971 kwa kuziachia biashara zijiendeshe, kinavutia na ni cha kweli. Lakini ukimhamishia mtu huyo Tanganyika ya 1961, kazi ya kwanza angekuta ni barabara, na barabara haijijengi kwa kuachiwa.

*Umri.* Mzuri. Nchi zimebadilika, maswali hayajabadilika.

*Lugha.* Ya wastani, na ina faida ya ziada: sura inayofafanua misingi ya uchumi inamwezesha asiye mwanauchumi kuelewa fedha ni nini. Jina la kitabu, "Waleni matajiri", ni kaulimbiu ya mrengo wa kushoto anayoigeuza juu chini.

*Kinapokosea.* Anakaa muda mfupi mno kila mahali. Majuma machache yanatosha kuona foleni ya mkate Havana. Hayatoshi kuelewa kijiji cha Tanzania, hasa kwa mtu asiyejua Kiswahili.

*Kinamfaa nani.* Mtanzania yeyote anayependa kubishana. Mwalimu wa uraia au uchumi. Mfanyabiashara asiye na hamu ya vitabu vya nadharia.

Namna ya kumsoma usichoke

Usivisome mfululizo. Makala hizi nyingi zilitoka kwenye majarida, moja moja, na zikifuatana sita kwa siku mbinu zake zinaanza kuonekana: orodha ndefu yenye kitu cha mwisho kisichotarajiwa, mfano wa kushtua, tusi la kufungia aya. Sura moja kwa siku inatosha.

Ukikutana na jina usilolijua, lipite kwanza, kwani aghalabu mzaha unaeleweka kwa muktadha. Likirudi mara tatu, litafute. Weka alama pembeni, ya aina moja mahali anapoeleza alichokiona, ya aina nyingine mahali anapotoa maoni. Zikiwa nyingi za aina ya kwanza, uko kwenye sura nzuri. Na kila takwimu iwekee mwaka wa kitabu mbele yake kabla hujamsimulia mwenzako.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kumsoma na unataka kujua tu iwapo utampenda, chukua *Holidays in Hell*, soma Lebanon na kile kipande cha uendeshaji magari. Visipokuchekesha, vitabu vingine havitakuchekesha.

Kama ni mwandishi wa safu na unataka kujifunza ufundi, *Parliament of Whores*, sura ya bajeti na ile ya Blatherboro. Nakili sentensi za sura ya bajeti kwa mkono, utaona anapanda ngazi wapi na anaruka wapi.

Kama kazi yako ni misaada au maendeleo, *All the Trouble in the World*, ukianza na Somalia na Bangladesh. Sura za mazingira ziache mpaka uwe na kitabu cha karibuni cha tabianchi mkononi.

Kama wewe ni Mtanzania, *Eat the Rich*, lakini Albania kwanza, Tanzania baadaye, na Azimio la Arusha lenyewe, ambalo ni fupi, ulisome jioni ile ile.

Kama uko Ghuba na unataka kitu cha eneo lako, kipo cha tano nje ya orodha hii, *Give War a Chance* (1992), chenye ripoti zake za vita vya Kuwait vya 1991. Na kama hutaki kuchagua, upo mkusanyo mkubwa wa 2015, *Thrown Under the Omnibus*, unaochukua vipande kutoka miaka yote. Ni mzito mkononi, na anayeanza nao huvunjika moyo kwa sababu unafunguka na vichekesho vya ujana. Ruka mpaka kwenye safari.